Bonde lililojifunza kufunga milango

Katika kijiji cha Les Eyzies, kusini magharibi mwa Ufaransa, kuna nyumba zenye kuta tatu tu za kujengwa. Ukuta wa nne ni jabali. Mwashi alipofika kwenye mwamba aliacha kupanga mawe, akaegemeza paa kwenye chokaa, na mwenye nyumba akahamia. Barabara kuu ya kijiji unaimaliza kwa miguu kwa dakika chache. Upande mmoja kuna mkate, kahawa na maduka ya kuuzia wageni. Upande wa pili mwamba wa rangi ya kijivu na manjano umepanda juu, kisha umejikunja na kuning'inia juu ya mapaa.

Wakazi wa hapa ni kama elfu moja hivi. Hata hivyo vitabu vya historia ya binadamu vinakitaja kijiji hiki kuliko miji mingi yenye viwanja vya ndege. Bonde lake, bonde la mto Vézère, lina maeneo 147 ya watu wa Zama za Mawe za Kale na mapango 25 yenye michoro. Mwaka 1979 UNESCO iliyaingiza maeneo 15 kati ya hayo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni anaweza kulala kijijini, akaamka, akanywa kahawa, na kabla ya saa sita mchana akawa ameona kazi ya mkono wa mtu aliyekufa miaka 15,000 iliyopita. Safari nzima ameifanya kwa miguu.

Mazingira yenyewe ndiyo yaliyowaita watu. Mto Vézère unashuka kutoka nyanda za juu za Millevaches, na kwa muda mrefu mno umekuwa ukilichonga jiwe la chokaa. Chokaa ya hapa ina matabaka magumu na laini. Maji na baridi vikalila lile laini, lile gumu likabaki juu likiwa limetokeza. Chini yake pakawa na sehemu kavu isiyofikiwa na mvua, ndefu kiasi cha kutosha familia kadhaa. Katika zama za barafu, misitu ya mialoni unayoiona leo haikuwepo. Nchi ilikuwa nyika baridi yenye makundi ya farasi, baisani ambao ni jamaa wa nyati, na kulungu wa nchi za baridi. Aliyekaa chini ya mwamba unaotazama kusini alipata jua la kipupwe, alipata maji, alipata gumegume ya kutengenezea visu, na nyama ilimpitia mbele ya makazi yake kila makundi yalipohama. Nani angeondoka?

Dunia ilianza kuyajua haya kwa sababu ya reli. Njia ya treni ilifika bondeni mwaka 1863, na mwaka huohuo wakaja Édouard Lartet, mwanasheria Mfaransa aliyekuwa amegeukia elimu ya viumbe wa kale, pamoja na rafiki yake Mwingereza Henry Christy, mtu mwenye fedha na shauku. Wakachimba. Mwaka 1864, katika sehemu iitwayo La Madeleine, wakapata kipande cha pembe ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya marefu. Juu ya pembe hiyo mtu alikuwa amechora kwa ncha kali mamothi mwenyewe, na manyoya yake. Wakati ule kulikuwa bado na wasomi wa Ulaya ambao hawajakubali kwamba binadamu aliwahi kuishi pamoja na wanyama waliotoweka. Hapa palikuwa na ushahidi usiopingika kirahisi: huwezi kumchora hivyo mnyama usiyemwona.

Miaka minne baadaye, Machi 1868, vibarua waliokuwa wakichota udongo kwa ajili ya kazi za barabara karibu na kituo cha treni walikuta mifupa ya watu chini ya mwamba uitwao Cro-Magnon. Louis Lartet, mtoto wa Édouard, akatumwa kuchunguza. Palikuwa na watu wazima na mtoto mchanga, wamezikwa na kome waliotobolewa ili wavaliwe kama mapambo, ilhali bahari iko mbali na hapa. Walikuwa watu kama sisi kwa umbo na kwa ubongo, walioishi miaka kama 30,000 iliyopita. Jina la mwamba ule mdogo likawa jina la watu wote wa aina yao Ulaya. Mahali penyewe pako palepale, kijijini, na mgeni anaweza kupaona. Mababu wa watu hao walitoka Afrika, na sayansi ya vinasaba imelithibitisha hilo. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayesimama mbele ya mwamba wa Cro-Magnon amesimama mbele ya kaburi la ndugu.

Kwa nusu karne baada ya hapo bonde liliporwa, na sioni neno la upole la kulieleza jambo hilo. Mashamba yalikodishwa kwa wachimbaji, na kilichopatikana kiliuzwa. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Otto Hauser, mfanyabiashara wa mambo ya kale kutoka Uswisi, ambaye mwaka 1908 alifukua kiunzi cha Neanderthal, binadamu wa kale wa aina nyingine, katika kijiji cha Le Moustier na mwaka uliofuata kiunzi cha mtu wa aina yetu huko Combe-Capelle. Vyote viwili viliuzwa kwa jumba la makumbusho la Berlin. Wenyeji walitazama masanduku yakipandishwa treni.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha samaki. Kwenye kibonde kidogo cha Gorge d'Enfer, hatua chache kutoka kijijini, kuna makazi ya mwamba ambayo paa lake lina samaki wa samoni, dume, mwenye urefu wa mita moja hivi, amechongwa akatokeza. Taya lake la chini limepinda kama linavyopinda la samoni dume aliyechoka baada ya kupanda mto kwenda kuzaliana. Mchongaji alimjua samaki huyu hadi mwisho wa maisha yake. Ana miaka kama 25,000. Aligunduliwa mwaka 1912, na hazikupita siku nyingi watu wakaanza kumkata paani ili wamuuze Berlin. Walikuwa wameshamzungushia mstari wa matundu pande zote kabla hawajazuiwa. Serikali ikapahifadhi mahali hapo. Samaki bado yuko, na matundu bado yako. Ukiinua macho unayaona yote mawili kwa pamoja: mkono uliompenda samaki huyu na mkono uliomtaka kwa fedha.

Aliyesimama katikati ya mikono hiyo kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, Denis Peyrony. Septemba 1901 alishiriki kutambua mapango mawili makubwa ya bonde, Les Combarelles na Font-de-Gaume, yote mawili katika mwezi mmoja. Mapango hayo hayakuwa siri. Wenyeji waliingia na kutoka, na ndani ya Font-de-Gaume wageni wa zamani waliandika majina yao ukutani, wengine juu ya wanyama wenyewe bila kuwaona. Peyrony ndiye aliyeangalia na kuona. Baadaye aliishawishi serikali inunue magofu ya ngome iliyokaa chini ya mwamba juu ya kijiji, akaanzisha humo makumbusho, ili vitu vya bondeni vibaki bondeni. Leo hayo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kale, yenye jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2004. Kwenye baraza ya ngome ile limesimama sanamu la mtu wa kale lililochongwa na Paul Dardé na kuzinduliwa mwaka 1931: zito, mabega yameshuka, linatazama bonde. Watalii wanapiga picha hapo, wenyeji hawalipi tena macho.

Ndani ya makumbusho usijaribu kuona kila kitu. Kabati moja baada ya jingine lina mawe yaliyochongwa, maelfu kwa maelfu, na asiye mtaalamu huchoka upesi. Tafuta kitu kimoja: baisani wa La Madeleine anayejilamba. Ni kipande cha pembe ya kulungu, kinaenea kiganjani. Pembe ilikuwa nyembamba, haikutosha kuchonga kichwa kinachotazama mbele. Mchongaji akakigeuza kichwa nyuma, mnyama akawa anajilamba ubavu, labda amechomwa na mdudu. Ulimi unaonekana. Mkunjo wa shingo unaonekana. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu chochote kingine ndani ya jengo lile.

Kisha panda Font-de-Gaume. Njia inaanzia mwisho wa kijiji na inapanda ubavu wa kilima kati ya miti. Mlangoni mabegi yanabaki nje, kamera haziruhusiwi, na kundi ni dogo, kama watu dazeni moja pamoja na mwongozaji wao. Ndani pana ubaridi wa aina moja kiangazi na kipupwe. Njia ni nyembamba, na mahali pamoja mtu mnene hulazimika kupita ubavuubavu. Mwongozaji anazima taa, anasubiri, kisha anaiwasha kwa chini na kuipitisha polepole ukutani. Mwanzoni huoni kitu. Jiwe ni jiwe. Halafu uvimbe wa jiwe unakuwa bega, bega linapata mgongo, na ghafla baisani yuko mbele yako, mwekundu na mweusi, mkubwa, kifua chake ni kifua cha mwamba wenyewe. Mchoraji hakuwa na haja ya kukichora. Alikikuta, akamalizia mnyama aliyebaki.

Pango lina wanyama zaidi ya mia mbili, na baisani ndio wengi. Wanaopendwa zaidi ni kulungu wawili wanaotazamana. Dume mweusi amesimama, ameinamisha kichwa. Mbele yake kulungu mwingine mdogo, mwekundu, amepiga magoti. Dume ametoa ulimi na anamlamba kwenye paji la uso. Rangi zimefifia, na bila mwanga wa mwongozaji huwezi kuwapata. Lakini ulimi ule, uliochorwa kwa ncha ya gumegume, bado uko wazi. Sijawahi kuona picha yoyote ya mnyama, ya zamani au ya sasa, yenye huruma kama ile.

Combarelles iko karibu, kwenye barabara ileile ya kwenda Sarlat, na inaingiwa na watu wachache zaidi kwa mara moja. Huko hakuna rangi nyingi. Ni michoro ya kukwaruzwa, zaidi ya mia sita, farasi, dubu, simba jike, kulungu anayeinama kunywa maji, mmoja juu ya mwingine. Mwongozaji anaelekeza tochi kwa upande ili kivuli kijae kwenye mikwaruzo, na mstari unaibuka. Inataka subira. Anayeipenda ataipenda kuliko Font-de-Gaume. Mimi siko upande huo, lakini nawaelewa.

Nasisitiza mapango haya mawili kwa sababu ni ya asili. Ukutani pana rangi ileile iliyopakwa, na wewe umesimama mahali alipokuwa amesimama mpakaji. Mapango yenye rangi za namna hiyo ambayo mtu wa kawaida bado anaweza kuyaingia ni machache sana Ulaya, na sababu yake iko kaskazini zaidi mwa bonde, katika kilima kilicho juu ya mji mdogo wa Montignac.

Tarehe 8 Septemba 1940, Ufaransa ikiwa imeshashindwa vitani, fundi kijana aitwaye Marcel Ravidat alikuwa akitembea msituni na mbwa wake, Robot, akaona tundu chini ya mti ulioanguka. Siku nne baadaye alirudi na wavulana watatu, Jacques Marsal, Georges Agniel na Simon Coencas, wakapanua tundu na kujitelezesha ndani wakiwa na taa hafifu. Walichokiona ni Lascaux: mafahali wakubwa kuliko ng'ombe hai, farasi wa manjano, kulungu wenye pembe kama matawi, wamejaa kuta hadi darini. Habari zikamfikia mwalimu wao, na kutoka kwake padre Henri Breuil, bingwa wa michoro ya mapangoni wakati huo. Coencas alikuwa mtoto wa Kiyahudi. Alirudi Paris, na wazazi wake waliuawa Auschwitz. Yeye alinusurika na kuishi hadi mwaka 2020, wa mwisho kati yao wanne.

Vita vilipokwisha pango lilifunguliwa kwa umma, Julai 1948, na watu wakamiminika. Ilifika wakati wageni zaidi ya elfu moja waliingia kwa siku moja. Kila mmoja aliingia na pumzi yake. Hewa ya ukaa, joto la miili na unyevu wa jasho vikabadili hali ya pango ambayo haikuwa imebadilika kwa miaka maelfu. Mwani wa kijani ukaota ukutani. Utando mweupe wa chokaa ukaanza kutambaa kuelekea kwenye rangi. Wahusika waliweka mitambo ya kusafisha hewa, haikutosha. Aprili 1963 André Malraux, waziri wa utamaduni, akaamuru mlango ufungwe.

Fikiria uamuzi ule ulivyokuwa mgumu. Montignac ilikuwa inaishi kwa pango hilo. Hoteli zilijengwa kwa ajili yake. Hakukuwa na nakala ya kuwaonyesha wageni, wala mtu hakujua kama ingewezekana kuitengeneza. Nakala ya kwanza, Lascaux II, ilifunguliwa mwaka 1983, miaka 20 baada ya kufungwa. Malraux alifunga na kuacha watu wakasirike. Leo nakala kamili iko chini ya kilima, Lascaux IV, iliyofunguliwa Desemba 2016 katika jengo lililobuniwa na kampuni ya wasanifu ya Snøhetta kutoka Norway: kila mkunjo wa ukuta umepimwa kwa mashine na kurudiwa, na rangi zimepakwa na wasanii kwa mkono.

Watu huniuliza kama inafaa kwenda kuona nakala. Inafaa, hasa ukiwa na watoto. Ni kubwa, ni nzuri, ubaridi wa pango umeigizwa, na hakuna atakayekukataza kusogea. Mafahali wale wanatisha hata wakiwa wa kutengenezwa. Lakini kama una siku moja tu bondeni, nenda Font-de-Gaume. Pale hakuna ukubwa wa Lascaux, na rangi zimechoka. Pana kitu ambacho nakala haitakipata kamwe: unajua kuwa pumzi yako inahesabiwa. Umeruhusiwa kuingia kwa sababu wengine wengi wamekataliwa, na ndani unaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Tiketi ni chache na zinaisha mapema, kwa hiyo kata yako kabla hujatoka nyumbani. Ukisafiri mwezi wa Julai au Agosti bila tiketi mkononi, tegemea kukosa.

Rouffignac, kaskazini mwa kijiji, nitaisema kwa ufupi ingawa watoto wangependa niiseme kwa kirefu. Ni pango lenye zaidi ya kilomita nane za njia, na wageni wanapelekwa ndani kwa treni ndogo ya umeme. Njiani utaona mashimo ambayo dubu wa kale walijichimbia kulala wakati wa kipupwe, na alama za makucha yao ukutani. Mbele zaidi ni mamothi, zaidi ya mia moja na hamsini, weusi, wamechorwa kwa mistari michache ya mtu asiyesita. Hakuna pango jingine linalojulikana lenye mamothi wengi hivyo.

Baada ya giza la mapango mwili unataka jua, na bonde halina uchoyo wa jua. Mtumbwi unakodishwa kandokando ya mto kuanzia Montignac kushuka. Vézère kiangazi ni mto mpole, wenye kina kifupi, na hata asiyejua kupiga kasia anajifunza njiani. Unapita chini ya majabali, unapita Saint-Léon-sur-Vézère na kanisa lake la kale la mawe lililojengwa ukingoni kabisa, unapita La Madeleine ambako juu ya makazi ya wawindaji kuna mabaki ya kijiji cha enzi za kati kilichochimbwa mwambani, kikiwa na kanisa lake dogo. Hapo ndipo unapoelewa jinsi watu walivyopokezana jabali moja. Aliondoka mwindaji, akaja mfugaji, akaja mwanajeshi, akaja mkulima, kila mmoja akitoboa tundu lake la boriti.

Mahali pa kuliona hilo vizuri zaidi ni La Roque Saint-Christophe, karibu na Le Moustier. Ni ukuta wa mwamba wenye urefu wa kilomita moja na kimo cha mita 80, wenye ghorofa za asili zilizojipanga juu ya mto. Watu walikaa humo tangu enzi za Neanderthal. Katika enzi za kati palikuwa na ngome na mji mzima humo ndani, jiko, mazizi, kanisa, mitambo ya kupandishia mizigo kutoka chini. Mwaka 1588, katika vita vya dini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, ngome ikabomolewa. Yamebaki matundu ya boriti, mifereji ya maji iliyochongwa sakafuni, ngazi zilizolika na nyayo. Tembea hadi mwisho wa ghorofa, geuka, tazama mto chini. Asiyependa kimo ashike ukuta.

Wapenda kutembea wana njia nyingi zilizowekwa alama kwenye miti na mawe: rangi nyeupe na nyekundu kwa njia za masafa marefu, manjano kwa mizunguko mifupi ya nusu siku. Zinapita kwenye mialoni mifupi, mashamba ya miti ya jozi, na mabonde madogo yenye ukungu wa asubuhi. Vuli ndiyo majira mazuri: watalii wamepungua, majani yamegeuka rangi, na sokoni kumejaa jozi na uyoga. Chakula cha eneo hili, Périgord, ni bata. Mapaja yanatiwa chumvi, yanapikwa polepole ndani ya mafuta yake yenyewe hadi nyama inaachana na mfupa, na kando yake vinakuja viazi vilivyokaangwa kwa mafuta hayohayo pamoja na vitunguu saumu. Asiyekula nyama atapata saladi ya jibini ya mbuzi na jozi, na mafuta ya jozi yenye harufu ambayo hutaisahau.

Kufika si kazi ngumu. Treni ndogo ya mkoa inatoka Périgueux na kukushusha Les Eyzies baada ya nusu saa hivi, katika kituo kilekile ambacho karibu nacho mifupa ya Cro-Magnon ilifumbuliwa. Kwa mapango ya karibu huhitaji gari. Kwa Lascaux na Rouffignac unalihitaji, au baiskeli na miguu imara.

Kuna jambo moja la kijiji hiki ambalo Watanzania na Wakenya wanapaswa kulijua. Mwaka 1925 msichana wa Kiingereza wa miaka 12, binti wa mchoraji, alikuwa akiishi Les Eyzies na wazazi wake. Élie Peyrony, mtoto wa Denis, yule mwalimu wa kijiji, alikuwa akichimba katika moja ya maeneo ya bonde, na uchimbaji wa siku hizo haukuwa wa makini. Vitu vingi vilitupwa pamoja na udongo. Msichana akaomba ruhusa ya kupekua kifusi. Akaokota vipande vya gumegume, ncha, visu, vikwanguo, akavipanga kwa namna alivyoona vinafanana. Alikuwa Mary Nicol. Baadaye aliolewa na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, na dunia ikamjua kama Mary Leakey. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, mumewe akiwa mgonjwa kambini, Mary aliona meno yakitokeza ardhini Olduvai. Lilikuwa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, la miaka milioni 1.75. Mwaka 1978 kundi lake likafukua nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6. Jicho lililoona hayo lilifundishwa kwenye kifusi cha Les Eyzies.

Naye hakusahau michoro. Mwaka 1951 yeye na Louis walikwenda Kondoa, akatumia miezi akinakili kwenye karatasi wanyama na watu wekundu waliochorwa kwenye miamba ya Kolo na vilima vya jirani. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1983 katika kitabu ambacho jina lake linazungumzia sanaa ya Afrika inayotoweka. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, miaka 27 baada ya ile ya Vézère.

Kondoa haina mapango yenye giza. Ni miamba iliyoinama, kama ile ya Les Eyzies, iliyo wazi kwa jua, upepo na mvua ya upande. Huwezi kuiwekea mlango na kuufunga kama alivyofanya Malraux. Baadhi ya miamba hiyo bado ni mahali pa matambiko, watu wanapanda kuomba mvua na uponyaji, jambo ambalo pale Vézère lilikwisha zamani na hakuna anayelikumbuka. Wapo pia wanaochimba chini ya michoro wakitafuta mali wanayoamini Wajerumani waliificha, na mashimo yao yanaharibu tabaka ambalo lingeweza kutuambia wachoraji walikuwa nani. Hili la pili linanikera kama matundu yaliyomzunguka yule samaki yanavyonikera. Sheria za nchi zinalikataza, lakini miamba ni mingi, imetawanyika, na walinzi ni wachache.

Kolo iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Kuna ofisi ya wahifadhi kando ya barabara ambako unaripoti na kupewa mwongozaji, kisha mnapanda kilima kwa miguu. Mwenye mpango wa kwenda Les Eyzies mwakani aanzie Kolo mwaka huu. Viza haihitajiki, na twiga wa pale ukutani anaonekana kwa mwanga wa jua.